Mti Uliopitisha Umeme

Mabawa, Tanga
14 Juni

Dada yangu mpenzi Mwanasiti,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta salama huko Horohoro, wewe na mama mkwe wako, na kwamba eda unaimaliza kwa afya na subira. Mimi mwili mzima, ila usingizi siupati.

Najua umenikasirikia kwamba tangu hitma ya shemeji Uweso sijakanyaga kwako, na simu zako sipokei. Nikisikia sauti yako nitashindwa kusema, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Kazi ya umeme nimeiacha. Mtaani wananitania kwamba fundi ameogopa waya, nami nawaachia wacheke. Miaka kumi na miwili nimewaambia wateja maneno yale yale: shaba na bati hupitisha umeme, mpira, plastiki na mti havipitishi. Nilikuwa nayasema kwa maringo, dada, kana kwamba nimeyavumbua mimi.

Siku ile ya harusi kwa Mzee Mwinyijuma, tulifunga taa kwenye nguzo za mikoko alizoazima kwa jamaa zake. Zilikuwa zimelowekwa baharini wiki kadhaa zisiliwe na wadudu, kama desturi yetu. Nje zilionekana kavu, kumbe ndani zimejaa maji ya chumvi, na maji ya chumvi hupitisha umeme. Hilo sikulifikiria kabisa.

Nasikia mama mkwe wako anawaambia wanaokuja kukupa pole kwamba mwanawe alikatazwa kushika waya akashika, ukaidi wake ukamuua. Maneno hayo aliyapata kwangu. Niliyasema msibani mbele ya wanaume wote, na hakuna aliyeniuliza mara mbili.

Ni uongo, dada. Tepu iliniishia, nikafunga maungio ya waya kwenye nguzo yakiwa wazi, na umeme sikuuzima. Nguzo ikaanza kuinama. Uweso alikuwa peku, kwenye uwanja uliomwagiwa maji kutuliza vumbi. Aliniuliza kama ni salama kuishika. Nikamcheka, nikamwambia mti haupitishi umeme, ashike tu.

Hakugusa waya. Alinisikiliza mimi.

Naona haya, na ninajichukia. Nakuomba umsomee mama barua hii, asimlaumu tena mwanawe. Jumamosi nakuja. Mkinifungia mlango, nitakaa nje.

Wasalimie wanao, wajomba zangu wadogo, uwabusu kwa niaba yangu.

Ni mimi nduguyo,
Mudathir