Kigari Ulichomtumia Mama

Nyumbani, chumba cha mbele,
Jumatano, 12 Machi.

Mpendwa Dada,

Salamu tele zikufikie huko uliko, wewe na shemeji. Mgongo wako unaendeleaje? Na ile kazi ya zamu, bado wanakusimamisha kutwa? Sisi huku ni wazima, hatuna la kulalamikia ila joto.

Kigari cha umeme kimefika salama, hata mkwaruzo hakina. Dada, mpaka sasa nikikitazama nabaki mdomo wazi.

Lakini kwanza ucheke. Wiki nzima tulikuwa tunakisukuma. Si unatujua: mzazi ajiendeshe mwenyewe na watoto wapo? Majirani wangetuelewaje? Basi nikalegeza ule wenzo wa nyuma ili magurudumu yawe huru, Mama akakaa juu kama bibi harusi, mimi na wifi yako tukamsukuma mpaka kliniki na kurudi, jasho linatutiririka. Yeye anatazama mbele tu. Nikadhani ndiyo furaha yenyewe.

Kumbe ana lake moyoni. Tangu magoti yamgomee hajafika duka la vitambaa. Cherehani bado anapiga, ila vitambaa tunamnunulia sisi, na kila mara tunachemsha, tunaleta visivyofaa. Anapapasa, anakunja uso, anashona hivyo hivyo. Nakwambia hilo lilimla kuliko hata maumivu.

Jana tumefika getini, tunajiandaa kusukuma, akasema, "Hebu rudisha hicho chuma ulichokilegeza." Nikarudisha. "Haya, sasa niondokeeni hapo nyuma." Akazungusha ufunguo.

Dada, hakikunguruma hata kidogo. Kiliondoka tu, Mama juu yake, mgongo umenyooka, akakata kona ya duka la dawa bila kutuangalia. Nilipigwa na bumbuwazi pale pale barabarani. Wifi yako alikuwa analia, na mimi sikufichi, nilijifuta macho.

Tulimkuta dukani. Muuza vitambaa alishamshushia majora karibu yote, naye anayashika moja moja, anayaelekeza kwenye mwanga, anabishana bei kwa ile sauti yake ambayo nilikuwa nimeanza kuisahau. Na baada ya usumbufu wote huo hakununua kitu. "Nitapita tena," akamwambia yule bwana. Mtu mzima mimi, nilisimama mlangoni naitafakari hiyo kauli.

Wabusu wapwa zangu, na uwaambie waache kumchosha mama yao. Mama mdogo anakusalimu sana, na wifi yako anaomba picha. Mungu akulinde huko ugenini, na pale ulipojinyima kwa ajili yetu akujazie.

Mama naye alisema angekuandikia mistari miwili hapa chini kwa mkono wake. Nimemwachia nafasi, nimemsubiri tangu mchana. Hayupo nyumbani, Dada, na kigari hakipo, wala hakuaga anakwenda wapi.

Ni mimi nikupendaye,
Mdogo wako wa mwisho.