Ng'ombe za Ukoo kwa Ndege ya Viti Saba

Mama Élise wa redio, barua hii nimeianza mara tatu, maana kichwa kimejaa na bibi yangu Dorothée, mama wa watoto wangu, amechoka kunisikia nikiongea peke yangu bafuni. Niko papa wa miaka makumi tano na mbili, nauza dhahabu, nakaa mtaa wa Saio, jina langu usilisome. Tangu vita barabara zimefungwa, hata kufika Mahagi-Port kuona mizigo yangu ni bahati, na kiti cha ndege za hapa unakingoja siku nne halafu unawekewa kuku wa mutu kwenye magoti, ndiyo maana nilienda Entebbe kuona ndege ndogo ya jeti, okazyo, yaani imeshatumiwa na wengine, ina viti saba vya ngozi, muuzaji anaitwa Hubert, mutu muzuri sana, alinipa kahawa. Mimi mutoto wa wafugaji, najua kuchagua ng'ombe tu, basi nikaizunguka, nikapiga magurudumu teke, nikaingia ndani, nikakaa, nikasinzia. Nilipoamka nilikuwa nimeshakubali. Dhahabu yangu inatosha nusu, kwa nusu nyingine ndugu wamekubali tuuze ng'ombe zote za ukoo, mia tatu, kwa sababu kaka yangu Alphonse anasema, "Ng'ombe wezi wanaziswaga kila wiki. Ndege haiswagwi kwa fimbo." Shida ni kwamba kila aliyetoa ng'ombe anasema ana kiti, na wako kumi na tisa, na mimi kimoyomoyo nimeshapanga: mimi, Dorothée, watoto wane, na muteja mumoja wa safari za biashara. Juzi mama yangu, aliyetoa ng'ombe makumi mbili, akaniuliza, "Mwanangu, nitakaa dirishani?" Nikasema ndiyo. Jumamosi naenda kusaini. Nisaini?

*Mama Élise anajibu:*

Papa usiye na jina (Saio nzima imeshakujua, pole), nimecheka, halafu nikaacha kucheka.

Ng'ombe mmoja sokoni Mudzipela ungeuliza amezaa mara ngapi, aliugua nini, anauzwa kwa nini. Ndege hii umeuliza nini? Motere zake, zile injini, zimeshafanya kazi kwa saa ngapi? Kitabu cha matengenezo ulikiona? Nimemuuliza fundi wa ndege, Kamate, kwa ajili yako. Akasema: "Mama, motere za jeti zinafyonza changarawe. Piste yetu ya kutulia ndege itaziua siku ya kwanza." Unanunua ndege isiyoweza kufika kwako! Na hata ingefika, wenye bunduki wangeipanda kabla yako.

Sasa nikugombeze vizuri. Safari gani ya biashara inabeba bibi na watoto wane? Weye unataka kukimbia, papa. Hiyo si aibu, siye wote tunaogopa. Aibu ni kula ng'ombe za watu kumi na tisa ukijua watabaki wamesimama kwenye piste, na mama yako kati yao.

Usisaini. Ng'ombe ziache kwa wenyewe. Dhahabu yako inunue viti kwenye zile zile ndege za kuku, kuanzia wiki hii: mama yako kwanza, halafu watoto wa ukoo, wako na wa wenzako, kwa zamu. Kesho asubuhi ita wale kumi na tisa, Alphonse akufokee mpaka achoke, usijitetee. Ukishapata nafasi waambie kwamba unaogopa.

Lakini mama yako, uliyemuahidi dirisha, mwambie leo. Maneno ya kumwambia sitakuandikia.