Mtu wa Kupigiwa Simu

Kawajense, Mpanda
Ijumaa, 14 Juni 2024

Mama mkwe wangu,

Shikamoo Mama. Naomba barua hii ikukute ukiwa mzima, mguu umepoa, na mpunga wote umeshaingia ndani kabla panya hawajaujua. Mimi mwili hauna neno. Nisalimie shemeji Gaspar na mkewe Agatha, na majirani wa hapo Usevya wanaoniulizia, kama bado wapo.

Najua utashangaa kuona mwandiko wangu. Kwa miaka kumi na minne salamu zetu, wewe na mimi, zilipita kwa Kasilda. Nikija kwenu nilikaa upande wa wanaume, wewe ukabaki jikoni, na ukitaka kujua kama nimeshiba ulimtuma yeye aje kuniuliza. Zaidi ya shikamoo na marahaba hatujawahi kuzungumza. Nimejaribu kupiga simu mara mbili, na mara zote mbili nimekata kabla haijaita. Marehemu mke wangu aliniambia wewe ndiye unayewasomea majirani kitabu cha Misale kanisani wakisahau miwani, basi nikaona niandike. Bahasha nitaifunga kwa gundi nimpe kondakta wa basi la asubuhi. Gaspar akikuletea, uisome peke yako.

Jambo lenyewe ni la kazi. Unajua naendesha tanki la mafuta, petroli na dizeli za vituo vya huku. Leseni yangu ni daraja E, ya magari makubwa, na muda wote nilidhani inatosha. Mwezi wa nne bosi alituita madereva wote uani, akasema kuanzia tarehe mosi Julai hapandi mtu kwenye tanki lake bila cheti cha kubeba mizigo ya hatari. Asiyekuwa nacho ashuke, maana wanaosubiri usukani ni wengi. Mimi nina miaka arobaini na saba, Mama. Nikishushwa hapo sijui nitapanda wapi. Mafunzo nimemaliza na mtihani nimefaulu, lakini cheti kimekwama kwa mstari mmoja wa fomu, na mstari huo uko mikononi mwako. Nivumilie nikueleze.

Tulisomea kwenye ukumbi wa kukodi kule Shanwe, wiki mbili. Kwanza tulipimwa macho, masikio na presha. Presha yangu ilikuwa juu kidogo, daktari akaniuliza kama nalala vizuri, nikamwambia nalala. Darasani nilikuwa mkubwa kuliko wote. Kijana mmoja, Ladislas, dereva mwenzangu, aliniita Babu Dizeli tangu siku ya kwanza, akaniuliza mbele ya watu kama nimekuja kusoma au kumsindikiza mjukuu. Nilimjibu kwamba mjukuu ni yeye, na akizubaa nitamnyang'anya kalamu. Walicheka wote. Ilikuwa ni mara ya kwanza kwa siku nyingi mtu kucheka kwa neno langu.

Mwalimu wetu, Thadei, si mtu wa maneno mengi. Alituuliza lipi baya zaidi, tanki lililojaa au lililo nusu. Tukapiga kelele kwamba lililojaa. Hakubisha. Alitupa kila mmoja ndoo yenye maji nusu, akatuambia tukimbie nayo kisha tusimame ghafla. Maji yalinivuta mbele nusura nianguke, na viatu vikalowa. Ndipo akasema mafuta yakiwa nusu yanatembea yenyewe ndani ya tanki, wewe ukisimama yenyewe hayajasimama. Alitufundisha pia kufunga waya unaopeleka umeme ardhini kabla ya kushusha mafuta, na kusoma vibao vya rangi ya chungwa: 1203 ni petroli, 1202 ni dizeli. Namba hizo zilinitesa. Jioni nilikaa mezani nikazikariri kwa sauti, na nikikosea nilinyamaza kidogo, kama kumpa mtu nafasi ya kunicheka. Unakumbuka Kasilda alivyocheka, anaziba mdomo kwa kiganja halafu mabega yanamsaliti.

Siku ya mwisho tulipewa fomu. Jina, namba ya leseni, daraja, kundi la damu, vyote nikajaza. Chini kabisa palikuwa pameandikwa: ndugu wa kupigiwa simu dereva akipata ajali. Thadei alitwambia mstari ule ni wa lazima, kwa sababu tanki likiwaka, hata kitambulisho cha dereva huungua, na ile nakala iliyobaki ofisini ndiyo itakayosema wewe ulikuwa wa nani.

Mama, mkono wangu uliandika Kasilda. Sikufikiri. Miaka kumi na minne kwenye kila karatasi nimeandika Kasilda na namba yake.

Msichana wa ofisini, Zuleha, ana utaratibu wa kupiga zile namba palepale ili ahakikishe zinapatikana. Tulikuwa kwenye foleni. Alipopiga ya kwangu, simu ikaita kwenye mfuko wa shati langu. Simu yake huwa natembea nayo, naichaji kila siku, na mlio ni uleule wa kwaya aliouweka mwenyewe. Ladislas akasema, "Babu Dizeli ana simu mbili, kumbe ana wake wawili!" Foleni nzima ikaangua kicheko. Zuleha akaniuliza kwa nini najipigia mwenyewe. Nikasema mwenye simu alifariki mwezi wa kumi na moja. Kicheko kikakatika. Ladislas alinifuata nje akaniomba radhi, akasema niandike jina lake yeye. Lakini Zuleha alikataa kwa upole. Anatakiwa ndugu, awe hai, na asiwe mtu wa barabarani kama sisi.

Basi nikatafuta ndugu. Baba na mama yangu wamelala Katumba. Kaka zangu wawili walirudi Burundi pamoja na wakimbizi wenzao mwaka 2009, na namba walizoniachia hazipatikani siku nyingi. Mtoto hatukujaliwa. Nilikaa na ile karatasi siku tatu, na kila nilipoitazama nilikuona wewe.

Hapa ndipo penye mzigo. Siwezi kukuomba kitu kabla sijautua.

Mwezi wa kwanza, mlipofanya arobaini, nilimwambia Gaspar tanki limeharibika Inyonga. Niliwadanganya. Gari lilikuwa limeegeshwa hapa Mpanda, zima kabisa. Nilikuwa stendi tangu saa kumi na mbili asubuhi, nimevaa suruali ile nyeusi, tiketi mkononi. Basi la kwenu likapiga honi, watu wakapanda, kondakta akaniuliza mzee unaenda au huendi. Sikupanda. Nilijua siku hiyo mtagawa nguo zake. Nikajiona nimekaa uani kwenu, mikono mitupu, hakuna mke wala mtoto wa kuniunganisha nanyi, watu wananipa chakula kama mpita njia. Nikarudi nyumbani, nikafunga mlango. Gaspar aliniambia baadaye mlinisubiri mpaka alasiri, na kwamba wewe ndiye uliyewazuia wasigawe kabla sijafika. Nisamehe, Mama. Sikukimbia msiba wake. Niliogopa kuambiwa kwamba kwenu si kwangu tena.

La pili ni aibu ya namna nyingine. Namba yako ninayo, imo kwenye simu yake, imeandikwa "Mama". Lakini fomu inataka jina kamili, na mimi sijui jina lako. Wazee wangu walinifundisha kwamba jina la mama mkwe halikai mdomoni mwa mkwilima, kwa hiyo sikuuliza, na Kasilda naye hakulitaja mbele yangu. Kwangu umekuwa Mama Kasilda tangu siku ya posa. Ningeweza kumuuliza Gaspar kwa dakika moja. Nimeona ingekuwa ni kama kukuibia.

Kwa hiyo nakuomba wewe mwenyewe. Kama baada ya uongo wangu bado uko radhi kuwa mtu wangu wa kupigiwa simu, niandikie jina lako kwenye kipande cha karatasi, umpe kondakta yuleyule kabla ya tarehe ishirini na nane. Nitalinakili kwenye fomu herufi kwa herufi, na sitalitamka. Kama huko radhi, usiandike kitu. Nitaelewa, nitakabidhi funguo kwa bosi, wala sitakulaumu.

Wasalimie wote hapo nyumbani. Mguu usiuache kwenye baridi ya asubuhi. Mungu akulinde.

Ni mimi, mkweo ukiniruhusu bado kujiita hivyo,

Séverin