Kaka Kanisalimia

Kaka yangu mpenzi,

Habari za huko? Sisi wazima, ila mtoto anaota jino na hajaniacha nilale. Nakuandikia nimembeba mgongoni.

Asubuhi nimefungua blogu yako, nikakuta makala inaanza, "Bwana asifiwe, dada yangu." Nilipiga kigelegele! Baba mtoto akatoka bafuni na povu usoni.

"Kuna nini?"

"Kaka kanisalimia! Mbele ya wasomaji wake wote!"

Tangu niandike kwenye blogu yangu kwamba nitambatiza mtoto akiwa mchanga, wenzako wa kanisani kwenu walikushikia Biblia, eti anayefundisha makosa hasalimiwi. Ukanyamaza, hata simu yangu hukupokea. Wasomaji wangu nao wakanicheka: "Mama, unamsalimia ukuta?" Mimi nikaendelea kukusalimia mwanzoni mwa kila makala, halafu nakupinga hadi mwisho. Sikutaka unikubalie. Nilitaka tubishane tukiwa ndugu, na leo nimekipata nilichokitaka.

Nimeona pia kwamba baada ya salamu umenichapa kisawasawa, unasema kumbatiza mtoto asiyeamini ni kumwogesha tu. Nitakujibu mtoto akilala, na sitakuonea huruma.

Jumapili anabatizwa. Hilo silibadilishi. Hulazimiki kusema amina, lakini njoo ukae kiti cha mbele. Wakiuliza wewe ni nani, nitawajibu kwa sauti: huyu ndiye mpinzani wangu, tumenyonya ziwa moja.

Ni mimi dada yako,
mbishi mwenzako