Mlango wa Bwana Farid

Mjukuu wangu Neema,

Hapa Scarborough, mtaani kwetu Toronto, tumeamka salama. Bibi yako anauliza kama huko Dodoma unakula au unasoma sheria tu.

Umeniuliza kama nimewahi kuiona haki ya binadamu kwa macho. Mara moja, nikiwa ripota kijana hapa Toronto. Nilifuata viatu vyangu kwa Bwana Farid, fundi viatu, Mbahai aliyekimbia Irani, ambako serikali inaitesa dini yake. Nilikuta duka limefungwa, naye yuko nje, kavaa suti, anautazama mlango.

"Leo ni sikukuu ya dini yetu. Viatu kesho, ndugu mwandishi."

"Sasa wewe umefuata nini?"

"Kule Irani nilifunga duka siku kama hii, serikali ikaja ikatia kufuli yake. Sikufungua tena. Nimekuja kuona kama hapa nako watakuja."

Nikasimama naye mpaka baridi ikatushinda. Hakuna aliyekuja.

Kesho yake nilimkuta anagonga soli. "Nimefungua kwa ufunguo wangu," akaniambia, kabla hata ya salamu.

Niliiandika habari hiyo. Mhariri akaikataa, akasema hakuna kilichotokea. Basi nakupa wewe, mwanasheria wangu.

Babu yako akupendaye