Alama Chini ya Sahani

Jumatatu, 4 Mei

Chai, dawa ya presha, kisha maandishi ya Rukia. Kama kila Jumatatu. Ni mtoto wa marehemu ndugu yangu Faki, mwalimu wa skuli yetu hapa Wambaa. Huniletea maandishi yake nitie kalamu nyekundu kabla hajayaweka kwenye blogu. Ualimu wangu umestaafu, kalamu haijastaafu. Leo sikupata pa kuitia.

Ameandika juu ya sufuria za mtaa. Zamani zilikuwa za wote: harusi, matanga, hitima za kuwaombea wafu. Vilipokuja vyama vingi tukazigawa. Zipo za chama hiki na za chama kile, na hitima hupikwa kwa sufuria za chama ambacho marehemu alikuwa na kadi yake. Amesema wazi, hajamtukana mtu. Nimeandika maisha yangu yote, sijaandika hivi.

Anatia saini Binti Karafuu. Jina la bandia ni ushauri wangu. Ana kazi ya serikali, na mama yake hana mwengine.

Alhamisi, 7 Mei

Mtu ameyatoa maandishi ya Rukia kwenye blogu, akayachapa mjini Chake. Karatasi imefika barazani.

"Huyu mtu wao, yakhe! Katumwa!"

Nimevuka njia hadi baraza ya chama cha pili. Maneno yale yale. Nusura nicheke. Wote wana hakika mwandishi ni mwanamme.

Jumamosi, 9 Mei

Si kichekesho tena. Maandishi yanataja sufuria kubwa yenye sikio lililofungwa waya. Wamesema anayeijua hiyo ni mtunzaji tu. Mtunzaji wa sufuria, za chama hiki na kile, ni Bi Mize, jirani yangu, mjane. Hajui kusoma. Basi wakasema amepeleka maneno kwa anayejua.

Jana wamemnyang'anya sufuria zote. Leo ilikuwa hitima ya mumewe, ya kila mwaka. Wanawake hawakuja, wa chama hiki wala kile. Amepika peke yake, kwa visufuria vyake vya nyumbani. Tuliokwenda tulikuwa wachache. Tumekula tukitazama mkeka.

Jumapili, 10 Mei

Rukia amekuja baada ya alasiri. Anataka kuweka jina lake.

Nimemweleza. Nimeeleza sana. Kwamba jina la bandia si uongo, watu wa elimu wamelitumia tangu zamani. Kwamba kazi ikienda hairudi. Kwamba hasira za baraza hupoa, na Bi Mize ni mtu mzima, atastahamili. Amenisikiliza mpaka mwisho. Kisha amechukua sahani niliyolia chakula, akaigeuza.

Hili nalo nilieleze, ingawa sina wa kumweleza. Kwetu, ikiwapo shughuli, vyombo huazimwa nyumba kwa nyumba. Kila mwenyewe hutia alama chini, nukta ya rangi au mchoro wa msumari, ili vikishaoshwa kila kimoja kirudi kwao.

"Ami, sahani isiyo alama hurudi wapi?"

"Nyumba yoyote."

"Basi yangu imerudi kwa Bi Mize."

Darasa ngapi nimesomesha, hakuna aliyenifunga mdomo kwa sahani. Nimeogopa. Na nimemstahi kuliko nilivyoogopa.

Jumanne, 12 Mei

Ameweka. *Rukia Faki Hamad, Wambaa. Nimeandika mimi. Sufuria ile nimeisugua tangu utotoni, kila shughuli. Bi Mize hana habari.*

Faki ndugu yangu. Hamad baba yetu. Nimesoma majina hayo mara nyingi kuliko makala yenyewe.

Barazani wameyasoma. Halafu mmoja:

"Kumbe mwanamke?"

"Mwanamke gani? Yule dume!"

"Msimwite dume," akasema Mzee Kombo, ambaye hajaniamkia tangu uchaguzi. "Mwiteni jina lake. Si kalitoa?"

Ijumaa, 15 Mei

Rukia amehamishwa skuli. Micheweni, kaskazini kabisa ya kisiwa. Hakuna aliyetaja sababu. Mama yake amelia. Nina hasira, na hasira ya mzee haina pa kwenda. Rukia anakunja nguo, anamtuliza mama.

Sufuria hazijarudi kwa Bi Mize. Ila leo nimeona wanawake wawili uani kwake, mmoja wa kila chama, wakikuna nazi. Ni hilo tu. Nisilikuze.

Jumapili, 17 Mei

Mvua imekatika. Rukia ameondoka asubuhi.

Kabla hajatoka Bi Mize alimletea mkate wa kumimina, kwa sahani ya bati, umefunikwa kawa la ukili. Rukia alitaka kuuhamisha mkate, sahani ibaki.

"Nenda nayo, mwanangu," Bi Mize akasema. "Ina alama."

Mimi ndiye niliyeipakia mizigoni. Nikaigeuza kwanza nione. Nukta mbili nyekundu. Basi itarudi. Na kwetu sahani ya mtu hairudi tupu.