Ndoa Niliyoifunga Mbele ya Kamera

Mwanangu Maimuna,

Salamu zikufikie huko Maskati, wewe na khalati yako na wanawe. Sisi hapa Mji wa Kale tu wazima wa mwili. Simu zangu huzipokei, wala sikulaumu, kwa hivyo nimeona nikuandikie. Barua yenyewe nimeiacha wazi, apendaye asome. Uongo wangu juu yako niliusema mbele za watu, haiwi leo nije kuusahihisha kwa kukunong'oneza.

Lakini ngoja kwanza nikukumbushe tulivyoanza, maana tulianza vizuri.

Siku moja ulikuja baada ya alasiri ukanambia Hamza, yule mpiga picha za harusi, anatengeneza filamu na anakutaka uigize. Hadithi ya wapenzi wawili, mpiga udi na mwimbaji, ambao kazi zimewakaukia kwa sababu siku hizi wenye harusi wanakodi spika na mtu mmoja wa kubonyeza kompyuta. Nikakwambia hiyo si hadithi, hayo ni maisha yako wewe na Badi. Ukainamisha uso. Hapo ndipo nilipojua kwamba Badi kwako si mpiga udi tu, na kwamba amekuahidi watu wake watakuja na posa baada ya Idi.

Nami nikataka niwemo. Nikamwambia Hamza kwamba nilianza kupiga tashkota, kinanda kile cha kubonyeza vitufe kama taipu, yeye hajazaliwa. Kwamba siku moja nilikipiga pale ufukweni Mama Ngina mpaka papa wawili wakasogea chini ya mawe kusikiliza, na muuza mihogo akasahau karai lake motoni mihogo ikawa makaa. Hamza akanitazama mimi, akakutazama wewe. Ukamwambia, "Mwaka jana papa alikuwa mmoja." Tukacheka sote watatu, na mimi nilicheka kuliko nyinyi.

Unazikumbuka taabu zile? Kamera ni simu ya Hamza imefungwa kwenye mpini wa ufagio. Kinasa sauti kimevishwa soksi ili upepo usiingie. Mwanga wa chumbani tuliupata kwa shuka nyeupe na kioo cha kabati la mke wangu, Bi Zuhura, na mimi ndiye niliyekishika mpaka mkono ukafa ganzi. Ule wimbo wa darini uliuimba mara kumi na moja, kwa sababu kila ukifika pale pa kulia, jirani anatwanga au bodaboda inapiga honi kichochoroni. Mara ya kumi na mbili ulikuwa umechoka kweli. Sauti ikapasuka, na Badi akasahau udi mkononi akawa anakutazama. Hamza akasema hiyo ndiyo.

Nimekulea tangu marehemu ndugu yangu na mamako walipotutoka. Nimekusikia ukiimba jikoni, nimekusikia harusini. Lakini siku ile niliona una jambo lako ambalo mimi simo, na nadhani ndipo tamaa ya kuonekana iliponipanda.

Kilibaki kipande cha nikaha. Waigizaji hatukuwa nao, basi Hamza akachukua watu wa kweli. Mimi nikawa wali wa bi harusi, yule mzee wa kumuoza. Wa kufungisha akawa mwalimu wetu wa madrasa, ambaye ndiye huwafungisha ndoa watu mtaani. Mashahidi wakawa Twaha muuza kahawa na nduguye. Wewe ulikuwa nyumba ya pili unapakwa hina ya filamu, kwani bi harusi hakai na wanaume wakati wa nikaha.

Hamza alikuwa ameniandikia karatasi, niseme namuoza Zena, yule binti wa kwenye hadithi. Nawe unanijua, shule niliiacha darasa la sita, na karatasi mbele za watu hunitia jasho. Nikamwambia maneno haya ninayo kifuani, sina haja ya kusoma. Nikamshika mkono Badi, bwana harusi wa filamu, nikatoa sauti ikajaa chumba: "Nimekuoza Maimuna binti Abdalla, binti wa ndugu yangu, kwa mahari ya udi."

Badi akababaika, lakini kamera inakwenda, naye akajibu, "Nimekubali kumuoa."

Mwalimu aliinua uso akanikazia macho. Mimi nilidhani nimemvutia.

Siku ileile tuko barazani, Twaha anasuuza vikombe vyake, akasema, "Yakhe, hebu ngoja. Wali ni wewe kweli, mashahidi ni sisi, mahari imetajwa. Si umemuoza huyo mtoto?" Ningecheka, yangekwisha. Badala yake nikajinyoosha nikawaambia kwamba mimi sifanyi mchezo katika mambo ya dini, kwamba nilijua ninalofanya, na ndoa ile ilitimia kuliko hizo za kumbini. Kila aliyekuja kunywa kahawa nilimsimulia upya, na kila nikisimulia naitia chumvi. Maneno yakafika Ganjoni kwa mamake Badi, ambaye tangu mwanzo hakutaka mwimbaji wa harusi nyumbani kwake.

Tukaitwa kwa mwalimu. Wewe, Bi Zuhura na mamake Badi mkakaa nyuma ya pazia. Mwalimu akasema ndoa haina mzaha, lakini ami si baba, hana ruhusa ya kumuoza mwari bila ya kumuuliza kwanza. Akanigeukia. "Ulimuuliza?"

Mwanangu, lilikuwa ni neno moja tu. Ningesema sikumuuliza, mambo yangemalizika palepale, ungerudi nyumbani kungoja posa yako. Lakini Twaha alikuwa amekaa mbele yangu, na nyuma yake wote niliowatambia.

Nikasema, "Nilimuuliza. Akanyamaza."

Na kwetu mwari akiulizwa akinyamaza, huwa amekubali.

Nikakusikia nyuma ya pazia. "Ami, hukuniuliza." Ulisema polepole, kama mtu anayenikumbusha kitu nilichokisahau. Mwalimu akaniuliza mara ya pili, nikarudia yaleyale. Mimi mtu mzima nina ndevu zangu, wewe msichana unayeimba harusini, wakanisadiki mimi.

Mwalimu akasema basi mkae kama mume na mke, au Badi atoe talaka. Ukasema humtaki mume wa kupewa bila habari, unamtaka Badi aje mlangoni na watu wake kama alivyokuahidi. Mamake Badi akasema mlango huo yeye haujui. Badi akatoa talaka, macho yake kwenye mkeka. Ukaitwa mtalaka hujaitwa mke. Wiki ya pili ukapanda ndege.

Bi Zuhura hakunigombeza. Aliniuliza mara moja tu, "Siku gani ulimuuliza?" Tangu hapo ananipakulia chakula, anakaa, ananitazama.

Nimeongopa mengi, Maimuna. Nimewahi kusema nilipeana mkono na wafalme watatu, na hata mmoja sijapata kumwona kwa macho. Hakuna aliyeumia, na wewe ulikuwa wa kwanza kucheka. Nikadhani uongo wote ni wa namna moja. Sasa nikikaa barazani watu wananiomba hadithi, na mdomo unakuwa mzito.

Ijumaa iliyopita nilikwenda kwa mwalimu, nikamtaka awaite Twaha na nduguye. Nikasema mbele yao kwamba sikukuuliza, si siku ile wala kabla yake. Nilitamani Twaha anicheke, hakucheka. Mwalimu akasema kama ni hivyo ndoa haikuwepo, na talaka haikupata cha kuvunja. Hukuolewa, hukuachwa. Ameyaandika kwa mkono wake, na karatasi nimeituma kwa khalati yako.

Badi nimemwendea mwenyewe. Nilimkuta anabadilisha nyuzi za udi. Akanisikiliza mpaka mwisho, akanambia, "Umechelewa, ami," akaendelea na nyuzi zake. Ningependa kukwambia kwamba anakungoja. Sijui, na nisilolijua silisemi tena.

Sasa Hamza amemaliza filamu. Amepata ukumbi, anataka kuionyesha, ananiuliza kipande cha nikaha kibaki au kikatwe. Nimemwambia si mimi wa kuulizwa. Uso ni wako, sauti ni yako, na jina nililolitaja mle ndani ni lako.

Basi nakuuliza wewe, jambo nililopaswa kulifanya tangu siku ile. Filamu ionyeshwe? Na kipande kile kiwemo? Jibu utakavyo, na ukitaka kunitukana ndani ya jibu, tukana, nitasoma yote. Usipojibu, Hamza ameahidi kuifungia kabatini. Mimi nikiulizwa na mtu hapa nitamwambia sijapata jibu. Sitamwambia umekubali.

Kaa salama, mwanangu, na umsalimie khalati yako.

Ni mimi,
Ami yako